Nilikuwa nakinga petroli ili tumchome mtu. Mimi ni mtu gani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tanga mjini, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Pikipiki ni ya mkataba, kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri. Msikitini wananifahamu, kijiweni mimi ndiye mtunza hazina. Rumande sijawahi kulala. Nayasema haya unielewe, si kujisifu.

Wiki tatu zilizopita, baada ya Isha, kijana alimpora simu mama mmoja aliyekuwa amepanda boda ya mwenzetu. Tulimfukuza, tukamkamata kwenye vichochoro vya Ngamiani. Simu ilipatikana palepale mfukoni mwake, mama akarudishiwa, akapanda boda nyingine akaenda zake. Kazi ilikuwa imekwisha, Shangazi. Lakini hatukuondoka.

Nilimpiga kwa helmeti. La kwanza lilikuwa la bega, baada ya hapo sikuhesabu. Kisha mtu akasema tairi lipo, petroli nani anayo? Hakuna aliyenitaja mimi. Nilikwenda mwenyewe kwenye pikipiki, nikafunga koki, nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikaokota chupa ya maji ya nusu lita, nikafungua koki tena. Nikachuchumaa pale natazama petroli ikipanda taratibu kwenye chupa, nawaambia wenzangu "subirini, subirini", na huku nacheka. Difenda ya polisi ilifika chupa ikiwa nusu. Watu wakatawanyika. Nikairudisha petroli kwenye tangi, sikumwaga hata tone, nikapata abiria wa Sahare. Asubuhi nikampeleka mwanangu shule kwa petroli ile ile.

Kinachoninyima usingizi si kupiga. Ni kwamba nilisikia raha. Nilijiona mwepesi, kama siku timu yetu ya Coastal Union imeshinda nyumbani.

Mke wangu anajua nilimpiga mwizi, na anasema mwizi ni mwizi. Habari ya chupa hajui. Ustadh nilimwambia nimefanya kosa kwa hasira, akasema ni shetani, nilete istighfari kwa wingi. Kijiweni wananiita Mzee wa Petroli, wanacheka, na mimi nacheka nao. Kijana nasikia yu hai, ametoka hospitali, kwao ni upande wa Pongwe.

Nakuuliza mambo matatu. Yule nilikuwa mimi, au kuna kitu kiliniingia? Nitajuaje kwamba sitarudia? Na je, niende kwake?

Dereva, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Ulikuwa wewe. Naliweka mbele hilo kwa sababu kila uliyemwendea amekupa pa kutokea, na barua yako inaonyesha hukutoka: mkeo amekupa mwizi, ustadh amekupa shetani, kijiwe kimekupa kicheko. Ustadh simlaumu, kesi uliyompelekea ilikuwa nusu. Ulimwambia hasira, hukumwambia chupa. Ungemwambia chupa, pengine angekufungulia Sura Ibrahim, aya ya 22, pale ambapo shetani mwenyewe, hukumu ikishapita, anawakana waliomfuata: sikuwa na nguvu juu yenu, niliwaita tu mkaniitikia, msinilaumu mimi, jilaumuni wenyewe.

Halafu hiyo hasira. Taarifa za matukio haya siku zote huandikwa "wananchi wenye hasira kali", na tumezoea hivyo. Hasira ilikuwepo wakati wa kufukuza, sikatai. Lakini simu haikuwa yako, mwenye simu alishaondoka, wewe unacheka. Na mtu aliyezidiwa na hasira hakumbuki kufunga koki kabla ya kuchomoa mpira. Wewe ulikumbuka. Mikono yako ilifanya kazi safi ya fundi.

Sasa hiyo raha. Watu wengi huificha hata kwa wanaowaungamia, wewe umeitaja, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Raha ile si muujiza wala si ugonjwa wako peke yako. Sehemu yake ni mwili: umekimbiza, moyo unadunda, adrenalini imejaa kwenye damu, na mwili ukiwa katika hali hiyo hautofautishi sana hofu, ushindi na furaha. Sehemu nyingine ni kundi. Watu thelathini wakipaza sauti moja, kila mmoja anajiona mkubwa kuliko alivyotoka nyumbani, na wakati huohuo hakuna anayejiona yeye ndiye anayetenda. Ongeza na mambo ya mchana kutwa: tajiri anakubana hesabu, trafiki anakusimamisha, abiria anakulipa pungufu na bado anakufokea, kila siku unameza. Ghafla yuko mtu chini ya miguu yako asiyeweza kukujibu. Deni la wote wale akalipa yeye.

Na kuna kiungo cha mwisho, ambacho mimi nakiona kibaya kuliko vyote: kila mtu pale alikuwa amekubali kwamba kijana anastahili. Ukatili mkubwa wa watu wa kawaida karibu kila mara hufanywa na wanaojiona wako upande wa haki. Mtu akijijua anafanya uovu, mkono husita. Wewe hukusita kwa sababu ulijiona mtumishi wa mtaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayokupa ni ya kuandika. Nunua daftari la kurasa 40, si kwenye simu ambayo mtoto anaichezea, uandike jioni ile kitendo kwa kitendo, kila kimoja mstari wake, bila sababu na bila wenzako. Kutoka kwenye barua yako tu mimi nimepata mistari 12. Kusikia kelele. Kuwasha pikipiki. Kumkamata. Simu kurudi kwa mwenyewe. Helmeti kutoka kichwani. Pigo la kwanza. Mapigo mengine. Neno "petroli". Kutembea hadi kwenye pikipiki. Koki. Mpira. Chupa.

Itazame orodha hiyo. Mistari mitatu ya kwanza hakuna wa kukulaumu. Wa nne ndio uliokuwa mwisho wa shughuli, na wewe mwenyewe umeandika hivyo. Wa tano ni mdogo hata haustahili jina: mtu kavua helmeti. Lakini hapo ndipo kifaa cha kulinda kichwa chako kilipogeuka silaha ya kupasua cha mwenzako, na mstari huo ulipita bila wewe kuamua lolote. Hakuna mstari hata mmoja ulio mbali na ule uliotangulia. Ungeulizwa saa kumi na moja jioni kama unaweza kumchoma mtu moto, ungeapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba huwezi, na usingekuwa unasema uongo. Saa tatu usiku ilikuwa imebaki njiti ya kiberiti.

Kazi hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, kalamu inaanza kuandika "tulifanya". Futa, andika "nilifanya", na la mwenzako mwachie mwenyewe. Ya pili, mtu anaandika ukurasa mzima wa kujitukana, mimi mnyama, mimi sifai. Hiyo nayo ni kukwepa. Mnyama hana la kujibu. Aliyefunga koki ni baba wa watoto wawili na mtunza hazina wa kijiwe.

Kwenda kwa hatua ndogondogo kumepimwa, si maneno yangu. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliita watu wa kawaida wa mjini, akawalipa dola 4.50, akawaambia ni utafiti wa kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kumpiga "mwanafunzi" shoti ya umeme kila akikosea jibu, kuanzia volti 15, kila kosa kuongeza 15, mpaka 450. Umeme haukuwepo na mwanafunzi alikuwa akiigiza, ila wao hawakuambiwa. Katika kundi la wanaume 40, 26 walifika 450. Wataalamu wa akili walioulizwa kabla walikisia kwamba hatafika karibu mtu yeyote. Na jambo hili likufikie wewe: 14 kati ya wale 40 walicheka wakati wakiendelea, huku wengine wakitoka jasho na kutetemeka. Kicheko chako chaweza kuwa cha aina hiyo, cha mwili kuzidiwa. Chaweza pia kuwa cha raha tupu. Wewe ulikuwepo, unajua.

Jaribio hilo limekosolewa, na baadhi ya wakosoaji wanasema wapo washiriki walioushtukia mchezo. Sawa. Ninalolitaka mimi ni toleo lake jingine, ambapo mshiriki aliketi na "walimu" wenzake wawili, nao pia waigizaji, wakagoma kuendelea mbele ya macho yake. Hapo waliofika 450 walikuwa 4 tu kati ya 40. Watu wa namna ile ile, mashine ile ile. Kilichoongezwa ni wawili waliosema basi. Likumbuke hilo tukifika kijiweni.

Wala usiseme hayo ni ya Wazungu na maabara zao. Pangani ni kilomita zisizofika 60 kutoka hapo ulipo. Karne ya 19 mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yalilimwa na watumwa, na misafara ya bara ilishuka Pangani na Bagamoyo ikiwa na pembe na watu. Walionunua hawakuwa majambazi. Walikuwa waungwana, wenye kuswali na kutoa sadaka, wanaokaribisha mgeni kwa kahawa. Tanganyika utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922. Leo wajukuu wa mnunuzi na wa mnunuliwa wanapanga safu moja msikitini, na mara nyingi ni mtu mmoja mwenye damu zote mbili (jambo ambalo sisi watu wa pwani tukiwa mezani huligeuza mazungumzo haraka). Wale mababu hawakukosa imani. Walikosa mtu wa kuwaambia basi, katika mji ambao kila mtu alikuwa na hisa.

Swali lako la pili, kama utarudia. Ukiwa pale, saa ile, na watu walewale, na hujabadilisha kitu, ndiyo, utarudia, tena safari hii utafika haraka zaidi kwa sababu njia unaijua. Majuto ya usiku hayapo saa ya kelele. Kwa hiyo usitegemee moyo wako. Badilisha mazingira mapema, ukiwa umetulia na umekula.

Anza na watu wawili. Si mkutano wa kijiwe, bado. Tafuta madereva wawili ambao jioni ile walikaa pembeni au wameonyesha kusononeka tangu hapo, na wapo, siku zote wapo. Ongea na kila mmoja peke yake, umwambie ya chupa kama ulivyoniambia mimi, na mkubaliane jambo moja: akisikika mwizi, nyinyi watatu mnakwenda pamoja, na mmoja akisema "basi" wawili wanaitikia kwa sauti, bila kuuliza. Ukilipeleka jambo hili mkutanoni kabla ya kuwa na hao wawili, utachekwa, na ukishachekwa mara moja halirudi tena.

Ukiwa nao, pelekeni pendekezo kwenye kikao cha kawaida, siku ya kuhesabu michango ambapo wewe kama mtunza hazina unasikilizwa. Pendekezo liwe fupi. Petroli haitoki kwenye tangi la mwanachama kwa kazi hiyo, na atakayeitoa anafutwa. Atakayevua helmeti kumpigia mtu analipa faini, mkubaliane kiasi kinachouma, tuseme hesabu ya siku mbili. Wateuliwe wawili wa kupiga simu, ili kila mtu asidhani mwenzake ameshapiga. Namba 112 ya polisi ni ya bure, lakini ziwepo pia za kituo chenu na za mwenyekiti wa mtaa, zimeandikwa ukutani kwa rangi, kwa sababu usiku ule hakuna atakayekumbuka alizihifadhi kwa jina gani.

Kijiwe kitakujibu: tukimpeleka polisi, kesho yuko mtaani. Jibu hili lina ukweli wake, usilidharau, wenzenu wananyang'anywa pikipiki na wengine wanauawa porini. Ila ueleze na upande wa pili. Dhamana ni haki ya mtuhumiwa kwa makosa mengi, si kuachiwa. Kesi hufa baadaye, mlalamikaji na mashahidi wasipotokea. Jioni ile mama mwenye simu aliondoka bila kuandika maelezo, na nyote mlikuwa na mkono wa kupiga, hakuna aliyekuwa na mkono wa kuandika. Kesi ingesimama na nini? Mlalamikaji achukue RB, ile namba ya taarifa ya kituoni, usiku huohuo, aje na namba ya IMEI ya simu (inaonekana kwa kubonyeza *#06#) au risiti, na madereva wawili waliokamata waandike maelezo yao na kufika mahakamani wakiitwa. Kijiwe kiwafidie hesabu ya siku hiyo. Ni fedha kidogo kuliko wakili wa kesi ya mauaji.

Na siku kelele ikipigwa, fanya hivi. Helmeti ibaki kichwani na mkanda umefungwa. Ufunguo wa pikipiki utoe, utie mfukoni. Ukimfikia aliyekamatwa, usimlaze chini. Mtu aliyelala anapigwa mateke ya kichwa na mbavu na yeyote anayepita. Mketishe, mgongo kwenye ukuta, na nyinyi watatu msimame mbele yake mkitazama watu, si mkimtazama yeye. Uliza kwa sauti, "Mwenye mali yuko wapi? Aje mbele." Mwenye mali akisimama pale, kundi linalazimika kumsikiliza, na mara nyingi yeye anachotaka ni kitu chake. Halafu ita watu kwa majina yao. "Juma, shika mkono huu. Wewe Side, piga simu." Mtu aliyetajwa jina anarudi kuwa Juma, anayejulikana na mama yake.

Angalia unachosema. Usiseme "mwacheni" wala "huyu si mwizi", utaambiwa wewe ni mwenzake na kipigo kitagawanywa. Usianze mawaidha ya dhambi. Usinyanyue simu kuwarekodi ukiwa katikati yao. Wanaogopa ushahidi na watakugeukia. Sema, "Twende naye kituoni ataje wenzake na anakouzia." Hilo linawapa watu kazi ya kufanya, na watu wenye kazi hutembea. Mkiweza mwingizeni ndani ya uzio wenye geti, ofisi ya serikali ya mtaa au duka ambalo mwenyewe anakubali kufunga mlango, mpaka difenda ifike.

Ukikuta tayari ni watu hamsini na tairi limeshafika, peke yako hutaweza, na sitaki ufe. Ondoka, piga 112, taja mtaa na namba ya barabara, kisha usirudi kutazama. Anayesimama kutazama anadhani hafanyi kitu, kumbe yeye ndiye uwanja.

Sheria nitaipitia kwa ufupi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa; kumpiga baada ya hapo ni kosa lake yeye mpigaji. Akifa, Kanuni ya Adhabu inawahesabu wote waliokuwa na nia moja kuwa wametenda, aliyewasha na aliyeleta petroli sawasawa, na adhabu ya kuua kwa kukusudia iliyoandikwa ni kifo. Difenda ilikuokoa na wewe pia.

Hapo ndipo swali lako la tatu linapokuwa gumu. Toba ya kosa lililogusa haki ya mja haikamiliki kwa istighfari pekee. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia vyote vinataka na cha nne, kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba radhi. Ustadh analijua hilo vizuri, rudi kwake umpe habari nzima. Kwa hiyo ndiyo, utakwenda Pongwe. Lakini usiende wiki hii, wala usiende peke yako na bahasha. Kijana yule huenda ana kesi ya wizi inayoendelea, na wewe ni shahidi wake na mshambuliaji wake kwa pamoja. Fedha ukimpa mkononi leo itaonekana unanunua mdomo, na ndugu zake wakikutambua jioni wanaweza kukufanyia yale uliyomfanyia yeye. Kwanza zungumza na wakili, au na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017; afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakuelekeza walipo. Mweleze mistari yote 12. Sikwambii ukajisalimishe kesho, wala sikwambii ujifiche. Nakwambia upate ushauri wa mtu anayejua faili limefika wapi, na polisi wakikuuliza usidanganye.

Wakati huo unangoja, liko la haraka: ujue afya yake. Mwenyekiti wa mtaa wako anaweza kumpigia wa kwao bila kukutaja. Mtu aliyepigwa na watu wengi hutoka hospitali akitembea na bado akawa hatarini. Misuli iliyopondwa humwaga vitu kwenye damu vinavyoziba figo. Dalili yake ni mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au mkojo kupungua, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Wengu lililopasuka linaweza kuvuja polepole kwa siku kadhaa hata wiki: maumivu ya tumbo upande wa kushoto, kizunguzungu, bega la kushoto kuuma bila sababu. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, hayo nayo. Kwa wiki tatu hatari kubwa ya figo imepita, lakini kichwa bado kinatakiwa kuangaliwa; damu inaweza kujikusanya taratibu na kuonekana baada ya wiki. Kama hajarudi kupimwa na tatizo ni fedha, hiyo ndiyo fidia yako ya kwanza, ipite kwa mwenyekiti hadi dirisha la malipo la hospitali, jina lako libaki pembeni mpaka wakili aseme sawa.

Ukifika siku ya kwenda, nenda na ustadh au mzee anayeheshimiwa kule, mchana. Sema ulichofanya, ukianza na helmeti na kumalizia na chupa, kwa sababu ya chupa huenda hakuyaona. Usiseme "lakini na wewe uliiba". Wizi wake una hakimu wake. Na usimwombe akusamehe siku hiyohiyo. Ukimwomba mbele ya wazee atasema ndiyo kwa haya, na utarudi nyumbani na ndiyo isiyo na kitu ndani. Mwachie namba ya ustadh. Akitaka atakutafuta.

Mkeo mwambie kabla ya hapo. Chagua saa watoto wamelala, simu zimezimwa, mwambie kwa mfuatano ule wa daftari, dakika kumi zinatosha. Atakachokifanya kwanza ni kukutetea, kwa sababu anakupenda na kwa sababu anaogopa analala na nani. Mzuie kwa upole, umalize. Mtoto hahitaji kujua sasa.

Hilo jina la kijiweni lishughulikie leo, lisisubiri wakili. Kila ukicheka nao unarudi kuchuchumaa pale. Huna haja ya hotuba: "Jina hilo silitaki, kwa sababu ni kweli nilifanya." Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee kufuta pikipiki. Baadhi watanuna. Wale wawili unaowatafuta watajulikana hapohapo, ni wale watakaoinamisha macho.

Na usingizi. Kwa mtu aliyefika ulipofika, kuamka usiku na kuchefuliwa na harufu ya petroli kwa wiki chache ni kawaida, na mimi ningekuogopa zaidi kama ungekuwa unalala vizuri. Ila ikizidi mwezi, au ukianza kunywa ili ulale, au likakujia wazo la kujidhuru, usingoje: nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uulize huduma ya afya ya akili. Wazo la kujidhuru likija, usikae peke yako hata usiku mmoja, mwamshe mkeo. Ukiona kusimulia upya kwa daktari ni mzigo, mpe barua hii aisome mwenyewe.